Nani Hasa Alianzisha TLC? Historia ya Makala Zilizochapishwa Zikapotea

Wale wa mwaka wa mwisho najua usingizi umekuwa wa kuibia, maana ni msimu wa kuandika pendekezo la utafiti na kila mtu anapambana na ile sura ya pili, mapitio ya machapisho. Kwa wenzangu wa famasia, kemia na sayansi ya chakula, miradi yetu mingi lazima ipitie kwenye kile kioo chenye unga mweupe, yaani kromatografia ya tabaka jembamba, ambayo wote tunaiita kwa herufi zake tatu, TLC. Na kwenye madesa yanayozunguka utakutana na sentensi ileile: "TLC iligunduliwa na Egon Stahl mwaka 1956." Mtu anainakili, anaibandika, anasonga mbele. Mwakani mwingine anaidesa kutoka kwa huyo, na maisha yanaendelea.

Leo naomba tuifungue hiyo sentensi. Si kwamba Stahl ni mtu wa hovyo, hapana, utaona huko mbele kwamba anastahili heshima yake. Ila ndani ya sentensi hiyo wamezikwa watu kadhaa waliofanya kazi, wakaandika, wakachapisha, halafu dunia haikuwaona. Na jinsi walivyopotea ndivyo hivyohivyo makala unazozitafuta usiku huu zinavyokupotea.

Kwanza, kwa ndugu zangu wa sheria na fasihi ambao wameshaanza kupiga miayo. TLC ni kitu rahisi sana. Unachukua kipande cha kioo (siku hizi mara nyingi ni karatasi ya alumini), unakipaka unga laini kama jeli ya silika mpaka kinakuwa na tabaka jembamba. Karibu na ukingo wa chini unadondosha tone dogo la mchanganyiko wako. Kisha unakisimamisha ndani ya chombo chenye kiyeyushi kidogo, na kile kimiminika kinaanza kupanda chenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Kinapopanda kinabeba vitu vilivyomo kwenye tone. Kinachoshikana sana na unga kinabaki nyuma, kisichoshikana kinafika mbali. Dakika chache baadaye tone moja limekuwa madoa kadhaa yaliyopangana. Ukiweka pembeni tone la dawa halisi unayoijua, unalinganisha madoa. Ndiyo hiyo hiyo. Hakuna mashine ya mamilioni, na umeme unauhitaji kwa taa tu.

Sasa turudi nyuma. Hadithi yenyewe inaanza na mtaalamu wa mimea aliyeitwa Mikhail Tsvet. Alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Asti, Italia, baba Mrusi, mama Mwitaliano, akakulia na kusoma Geneva. Jina lake kwa Kirusi maana yake ni "rangi", na kazi ya maisha yake ikawa ni rangi. Alipokwenda Urusi na shahada yake ya udaktari ya Geneva hawakuitambua, ikabidi aanze kusomea shahada upya. (Wale mnaohangaika na uthibitisho wa vyeti, mnaona hamko peke yenu.) Baadaye akapata kazi Warsaw, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi.

Tsvet alijaza unga wa chokaa kwenye mrija wa kioo, akamimina juu yake rangi za majani alizoziyeyusha kwenye mafuta mepesi ya petroli, akaona rangi zinashuka na kujigawa pete kwa pete: za kijani hapa, za njano pale. Alieleza njia hiyo hadharani mwezi Machi 1903 mbele ya chama cha wanasayansi huko Warsaw, na mwaka 1906 akachapisha kwenye jarida la Kijerumani la wataalamu wa mimea akiipa jina la kromatografia, kwa Kigiriki "kuandika kwa rangi". Mwaka 1910 akatoa kitabu kizima kwa Kirusi.

Ungetegemea wanakemia wapige vigelegele. Wapi! Jarida lilikuwa la watu wa mimea, kitabu kilikuwa cha Kirusi, na mkubwa wa klorofili enzi hizo, Mjerumani Richard Willstätter ambaye alipata tuzo ya Nobel mwaka 1915, hakuikubali njia hiyo. Walipojaribu kwenye maabara yake walitumia unga mkali mno, ukaiharibu klorofili yenyewe, wakahitimisha kwamba njia haifai. Neno la mkubwa likafunga mjadala. Tsvet akahangaishwa na vita vya kwanza vya dunia kutoka mji hadi mji na kufariki Voronezh mwaka 1919 akiwa na umri wa miaka 47.

Halafu ikaja zamu ya kitabu. Willstätter alikuwa na tafsiri ya Kijerumani ya kile kitabu cha 1910, na tafsiri hiyo ikafika mikononi mwa mwanafunzi wake wa zamani, Richard Kuhn, aliyekuwa akiongoza maabara huko Heidelberg. Kijana mmoja wa maabara hiyo, Edgar Lederer, akaisoma, akaijaribu, ikakubali. Mwaka 1931 yeye na Kuhn na Winterstein wakachapisha makala za kutenganisha rangi za karoti na za kiini cha yai, na kuanzia hapo kromatografia ikaenea duniani kama moto wa nyikani. Hesabu mwenyewe: kutoka 1906 hadi 1931 ni miaka 25. Robo karne njia ilikuwa imeandikwa, imechapishwa, iko kwenye rafu. Kilichokosekana ni mtu wa kuisoma bila kuuliza kwanza wakubwa wanasemaje.

Huo ulikuwa mrija. Kioo chetu kinaanzia wapi? Ukitaka kuwa mkali kabisa unaweza kurudi hadi mwaka 1889, pale Beyerinck wa Uholanzi alipoacha tone la asidi mbili zilizochanganywa lisambae ndani ya tabaka la jelatini na kuona asidi moja inatangulia nyenzake. Lakini TLC tunayoifahamu, yaani unga juu ya kioo, inaanzia Kharkiv, Ukraine, mwaka 1938, kwenye taasisi ya utafiti wa famasia.

Hapo palikuwa na Nikolai Izmailov na mwanafunzi wake wa shahada ya juu, Maria Shraiber. Kazi yao ilikuwa inafanana na kazi zetu: kupima dawa zinazotokana na mimea, kujua kilichomo ni chenyewe au si chenyewe. Mrija wa Tsvet ulikuwa unawachelewesha, unakula saa nyingi na kemikali nyingi. Wakajiuliza: kwa nini tusiulaze? Wakachukua vioo vya hadubini, wakapaka uji wa alumina unene wa milimita 2 hivi, wakadondosha tone moja la dondoo la mmea katikati, kisha matone ya kiyeyushi. Rangi zikasambaa kwa duara, pete ndani ya pete. Pete ambazo hazikuonekana kwa macho wakaziangalia chini ya taa ya urujuanimno, zikawaka. Kazi ya saa nyingi ikawa ya dakika, kwa tone moja tu. Wakaiita kromatografia ya tone, wakaichapisha mwaka huohuo 1938 kwenye jarida la famasia la Kirusi.

Halafu kimya. Jarida lilikuwa la Kirusi na la wafamasia, wala halikuwa likisomwa sana nje ya Umoja wa Kisovieti. Mwaka uliofuata vita vya pili vya dunia vikaanza, na Oktoba 1941 Kharkiv yenyewe ikatekwa na jeshi la Ujerumani. Nani angekaa kusoma habari za pete za alumina?

Lakini kitu kimoja kidogo kilipenya. Wamarekani tangu mwaka 1907 walikuwa na chapisho lao la Chemical Abstracts, ambalo kazi yake ilikuwa kufupisha kwa Kiingereza makala za kemia kutoka lugha zote. Muhtasari wa makala ya Kharkiv ukaingia humo. Huko New York, kwenye maabara za idara ya afya ya jimbo, mtafiti aliyeitwa Crowe akausoma, akaijaribu njia ya tone na kuiandikia makala mwaka 1941. Hebu fikiria, uhai wote wa wazo ulikuwa umening'inia kwenye aya chache za muhtasari! Wale mnaoandika muhtasari wa tasnifu nusu saa kabla ya kukusanya, mnanielewa.

Kutoka hapo wazo likatambaa. Mwaka 1947 likatajwa kwenye kitabu cha Kiingereza cha kromatografia kilichoandikwa na Williams. Mwaka 1949 Meinhard na Hall wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaongeza wanga kwenye unga ili ushike kwenye kioo usibanduke, wakabadilisha na jina: kromatografia ya uso. Angalia majina yanavyobadilika, tutayarudia.

Upande mwingine, Uingereza, kulikuwa na mapinduzi mengine yanaendelea. Martin na Synge walikuwa wameandika mwaka 1941 kuhusu namna mpya ya kutenganisha vitu kwa vimiminika viwili (wakapata Nobel mwaka 1952), na mwaka 1944 Consden, Gordon na Martin wakatumia karatasi ya kuchujia badala ya unga. Kromatografia ya karatasi ikawa fasheni. Ilikuwa rahisi ila ina shida zake: ni ya polepole, na ukiinyunyizia asidi kali ili madoa yaonekane, karatasi yenyewe inaungua.

Shida hiyo ndiyo iliyomkuta Justus Kirchner, mtafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani huko Pasadena, California. Alikuwa anatafuta siri ya ladha ya machungwa na balungi. Harufu ya maganda yale inatokana na kundi la kemikali zinazoitwa tapini, na karatasi haikuweza kuzishika, zilikuwa zinapanda zote pamoja na kiyeyushi. Akahitaji kitu chenye mshiko zaidi. Basi yeye, Miller na Keller wakapaka silika kwenye vipande vyembamba vya kioo, wakaishikisha kwa wanga, wakavisimamisha ndani ya chombo ili kiyeyushi kipande kutoka chini kama kwenye karatasi. Makala yao ilitoka mwaka 1951 kwenye jarida la Analytical Chemistry. Hapo ndipo TLC ikapata umbo tunalolijua: kioo kimesimama, kiyeyushi kinapanda, madoa yanapangana. Mwaka 1954 Reitsema wa kampuni ya mafuta ya mnanaa huko Kalamazoo, Michigan, akapanua vioo ili sampuli nyingi zipande kwa pamoja.

Sasa tazama: tuko mwaka 1954, kila kitu kipo. Unga upo, gundi ipo, kusimamisha kupo, sampuli nyingi zipo, makala zipo tena kwa Kiingereza kwenye jarida kubwa. Na bado maabara nyingi duniani ziliendelea na karatasi! Kwa nini? Kwa sababu kila aliyetaka kujaribu alilazimika kusaga unga wake, kupika wanga wake na kupaka vioo vyake kwa mkono. Cha huyu kinene, cha yule chembamba, matokeo hayafanani. Isitoshe kila mtu aliita kwa jina lake, vipande vya kromato, bamba za kromato, kromatografia ya tone, ya uso, kwa hiyo hata aliyetafuta hakujua atafute neno gani.

Hapo ndipo anapoingia Egon Stahl, mfamasia wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1924. Alikuwa anashughulika na mafuta ya mimea ya dawa na alitaka kutenganisha kiasi kidogo mno cha vitu. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakachapisha makala kwenye jarida la Die Pharmazie wakitumia jina jipya, Dünnschicht-Chromatographie, ndiyo hiyo kromatografia ya tabaka jembamba. Na unajua nini? Hata hiyo ya 1956 haikuitikiwa sana! Makala maarufu kuliko zote kwenye madesa yetu ilipotoka haikutikisa kitu.

Kilichotikisa ni mwaka 1958. Stahl alishirikiana na kampuni ya Merck ikatengeneza jeli ya silika ya viwango maalumu, iliyochanganywa na jasi ya kuishikisha, ikauzwa kwenye kopo ikiwa na jina lake. Kampuni ya Desaga ya Heidelberg ikatengeneza kifaa cha kupaka tabaka lenye unene uleule kila mara, robo ya milimita. Vyote vikaonyeshwa kwenye maonyesho ya vifaa vya kemia huko Frankfurt mwaka huohuo. Kwa mara ya kwanza mtu wa Tokyo na mtu wa Paris waliweza kufanya jaribio moja wakapata madoa yanayolingana. Mwaka 1962 Stahl akahariri kitabu cha mwongozo wa maabara, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1965, na mchezo ukaishia hapo.

Kwa hiyo Stahl alifanya nini? Aliipa kitu kilichokuwepo jina moja, vipimo vinavyofanana, bidhaa inayonunulika na kitabu cha kufundishia. Hiyo ni kazi kubwa na sitaki mtu aidharau. Na kitabu chake kiliwataja waliomtangulia, wakiwemo Izmailov na Shraiber, yaani yeye mwenyewe hakudai alichodaiwa na madesa yetu. Izmailov alifariki mwaka 1961, njia ikiwa ndiyo kwanza inashika kasi. Shraiber aliishi hadi mwaka 1992, akaona kazi yao ya tone moja ikitumika kila kona ya dunia.

Kuna atakayesema: sawa, hayo ni mambo ya Wazungu na Warusi, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, tena kwa karanga, mahindi na dawa za malaria.

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kikaonekana ni unga wa karanga kwenye chakula chao, ulioagizwa kutoka Brazil. Lakini karanga za Afrika Mashariki nazo zikaingia kwenye uchunguzi, na kuvu aliyesababisha sumu akatengwa kutoka kwenye sampuli ya karanga za Uganda mwaka 1961. Sumu ikaitwa aflatoksini. Mwaka 1963 watafiti wakaonyesha kwamba si sumu moja bali ni kundi, na walizitenganisha kwa TLC: mbili zikang'aa bluu chini ya taa ya urujuanimno, mbili zikang'aa kijani. Ndiyo maana hadi leo majina yake ni B1, B2, G1 na G2, ikiwa ni herufi za kwanza za rangi hizo kwa Kiingereza. Yaani sumu yenyewe imepewa jina kutokana na doa lake kwenye kioo! Na tusisahau kwamba mwaka 2004 sumu hiyohiyo kwenye mahindi iliwaugua watu 317 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa ndizo zilizoathirika zaidi, wakafariki 125.

Upande wa dawa, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilianza kutumia Minilab, maabara ya Kijerumani inayokaa kwenye masanduku ya kubebeka, kukagua dawa vituo vya mpakani na mikoani. Moyo wa Minilab ni TLC. Unasaga kidonge, unakiyeyusha, unadondosha tone pembeni ya dawa halisi ya kipimo kamili na nyingine ya asilimia 80. Doa la kidonge chako likiwa hafifu kuliko la asilimia 80, hicho kidonge kina mushkeli. Lisipoonekana kabisa, mgonjwa alikuwa anauziwa chokaa. Uzoefu huo uliandikwa na Risha na wenzake kwenye jarida la Health Policy mwaka 2008, na mwaka 2011 Kaale, Risha na Layloff wakaandika kwenye Journal of Chromatography A kuhusu TLC kwa nchi zenye rasilimali chache. Muhimbili imo humo, jamani, kwenye jarida ambalo dunia nzima ya kromatografia inalisoma. Sasa jiulize ni madesa mangapi yanamtaja Stahl wa 1956 na hayawataji hao.

Haya, tufike kwenye somo. Ukiitazama historia yote hii, makala zilipotea kwa sababu nne: lugha, jina, jarida la fani nyingine, na kuamini alichosema mkubwa. Na wewe unayetafuta leo utakwamishwa na mambo yaleyale manne. Kwa hiyo yafuatayo yazingatie.

Usitafute kwa neno moja. Njia hii ina majina mengi na hata leo yanaongezeka. Andika "thin-layer" na "thin layer", kuna mitambo inayovitofautisha. Andika TLC, andika HPTLC ambayo ni ile ya unga laini zaidi, andika "planar chromatography". Kwa mimea ya dawa jaribu Kijerumani "Dünnschichtchromatographie" na Kifaransa "couche mince", maana wenzetu wa Kongo, Burundi na Afrika Magharibi wameandika mengi kwa Kifaransa kuhusu mimea ambayo bibi zetu pia wanaitumia. Na mmea uutafute kwa jina lake la kisayansi, pamoja na majina ya kisayansi ya zamani kama yalibadilishwa.

Usitafute kwenye fani yako tu. Tsvet alijificha kwa watu wa mimea, Kirchner alijificha kwenye machungwa. Njia ya kupima dawa yako inaweza kuwa kwenye jarida la kilimo, la mifugo au la polisi wa uchunguzi.

Ukipata makala moja nzuri, ifuate pande zote mbili. Kwenda nyuma, soma marejeo yake mpaka ufike shina. Kwenda mbele, angalia nani wameitaja baadaye. Google Scholar inafanya hivyo bure tangu ilipoanza mwaka 2004. Majarida ya kulipia jaribuni HINARI iliyoanza 2002 kwa afya na AGORA ya 2003 kwa kilimo, muulizeni mkutubi, wapo kwa ajili hiyo na wengi hawaulizwi kitu. Za kwetu ziko African Journals Online, humo mtakuta East and Central African Journal of Pharmaceutical Sciences ambalo watu wengi wanaliruka. Na kampuni ya CAMAG ya Uswisi ina orodha yake ya muhtasari wa makala za TLC peke yake, walianza kuikusanya katikati ya miaka ya 1960.

Kisha usiishie kwenye muhtasari. Muhtasari ulimfaa Crowe kwa kuwa aliingia maabara akajaribu. Kwenye makala kamili tafuta unga gani, unene gani, kiyeyushi kwa uwiano gani, chombo kilijazwa mvuke kwanza au la, madoa yalionwaje. Na kumbuka silika inanyonya unyevu wa hewa. Njia iliyoandikwa kwenye maabara kavu ya Ulaya, ukiileta Dar mwezi wa nne mvua ikinyesha, madoa yatapanda tofauti na ilivyoandikwa. Wewe si mchawi wala makala si ya uongo, ni hewa tu. Ndiyo maana lazima tone la dawa halisi liwe kwenye kioo hichohicho.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Kila mwaka kwenye vyuo vyetu wanafunzi wanapima vidonge vya madukani, karanga za sokoni, mizizi ya waganga. Tasnifu inafungwa jalada gumu, nakala moja inaenda maktaba, nyingine kwa msimamizi, na basi. Ikishakuwa pale haina tofauti na kitabu cha Tsvet kwenye rafu. Mwakani mwenzako atanunua kemikali zilezile kwa bumu lake akapime karanga zilezile. Kwa hiyo muulize msimamizi wako kama tasnifu inaweza kuwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Andika muhtasari unaoeleweka, weka maneno ya kutafutia ambayo mtu wa mbali angeyaandika, taja mmea kwa jina la kisayansi na la Kiswahili. Ikiwezekana, wewe na msimamizi wako mtoe makala fupi.

Na ile sentensi ya desa, ifuteni. Andikeni hivi: misingi iliwekwa na Izmailov na Shraiber mwaka 1938, ikasimamishwa na Kirchner na wenzake mwaka 1951, ikapewa jina na viwango na Stahl kati ya 1956 na 1958. Ni mstari mmoja tu umeongezeka, na marehemu watatu wamepata haki yao.

Kazi njema wadau. Mwenye makala ya TLC kwa lugha yoyote aliyoikosa aniambie, tutaitafuta pamoja.